Barua ya wazi kwa bodi ya shule, kabla hamjaupigia kura mpango mpya

Kwa wajumbe wa bodi ya wilaya yetu ya shule, kaskazini mwa Texas
Kwa msimamizi mkuu wa wilaya
Nakala: Kamishna wa Elimu, Austin

Waheshimiwa,

Salaam. Mwaka huu mpango wetu wa Wilaya ya Ubunifu, ule mnaouita District of Innovation, unatimiza miaka mitano na kufikia ukomo wake. Mtauhuisha, mtaubadili au mtauacha ufe. Mimi ni mzazi wa watoto wawili katika shule zenu, na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na Kifaransa cha kuombea maji. Nimewaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu barua hii inasomwa pia na wazazi wenzangu, na wengi wao hawajawahi kusikia kwamba mpango huo upo. Tafsiri ya Kiingereza nitawaletea mezani.

Nianze na hao wenzangu, wajue tunazungumzia nini. Mwaka 2015 Bunge la Texas lilipitisha muswada uitwao House Bill 1842. Ndani yake kuna Sura ya 12A ya Kanuni za Elimu, inayoiruhusu wilaya yenye matokeo yanayokubalika kujitoa kwenye vifungu vingi vya sheria ya elimu ya jimbo na kujiwekea utaratibu wake. Haijitoi kwenye kila kitu. Mtaala, masharti ya kuhitimu, mitihani ya jimbo na alama ambazo kila shule hupewa vinabaki palepale. Sheria za serikali kuu ya Marekani nazo hazigusiki, wala wajibu wa elimu maalumu na wa kuwafundisha watoto wanaojifunza Kiingereza. Mengine mengi yamo mezani: tarehe ya kufungua shule, idadi ya watoto darasani, mikataba ya walimu, cheti cha mwalimu.

Utaratibu wake ni huu. Bodi inatoa azimio, kinafanyika kikao cha hadhara, kamati inaandika mpango, mpango unawekwa kwenye tovuti ya wilaya kwa siku 30, kamati ya ushauri ya wilaya inaupigia kura katika mkutano wa wazi, kisha bodi inaupitisha kwa theluthi mbili. Ofisi ya elimu ya jimbo kule Austin haiidhinishi, inaarifiwa tu. Kuhuisha nako hupita njia hiyohiyo. Wilaya zaidi ya 800 kati ya elfu moja na ushee zimekwisha kuipita.

Sina ugomvi na wazo lenyewe, na nalisema mapema ili nisieleweke vibaya. Texas ni kubwa kuliko Kenya, na kinachoifaa Houston si lazima kiifae wilaya ya mashambani yenye shule moja na mabasi manne. Ukiwa huko unatafuta mwalimu wa kuchomelea vyuma, na fundi mwenye uzoefu wa maisha yake yote yuko tayari kufundisha, kumwambia arudi chuoni kwanza akatafute cheti ni kumfukuza. Tarehe ya kufungua shule pia naielewa. Sheria ya jimbo inakataza masomo kuanza kabla ya Jumatatu ya nne ya Agosti. Wilaya karibu zote zenye mipango hii zimejitoa hapo, zikaanza mapema, na watoto wanamaliza mitihani ya muhula wa kwanza kabla ya Krismasi badala ya kuibeba mpaka Januari. Vizuri tu. Hata wazazi wanaofanya kazi za zamu hawana shida nayo, ilimradi waambiwe mapema.

Shida yangu ni mahali pengine. Sheria ya jimbo ina Kifungu cha 21.057. Kinasema mwalimu asiye na cheti stahiki akikaa na darasa kwa zaidi ya siku 30 za masomo mfululizo, msimamizi mkuu awaandikie wazazi wa darasa hilo barua ya kuwaarifu. Kikaongeza kwamba afanye juhudi za maana kuhakikisha mzazi ambaye lugha yake kuu si Kiingereza anaipata taarifa hiyo kwa lugha mbili. Waliotunga kifungu hicho walituona. Halafu kuna 25.112, kinachosema darasa kuanzia chekechea mpaka la nne lisizidi watoto 22, na 25.113, kinachotaka mzazi aarifiwe pale wilaya inaporuhusiwa kuzidisha. Ukomo huo wa 22 ulikuja na mageuzi ya mwaka 1984, enzi za Gavana Mark White, baada ya kamati iliyoongozwa na tajiri Ross Perot kuzunguka na kutazama hali ya shule za jimbo hili. Haukuokotwa barabarani.

Wilaya nyingi, yetu ikiwemo, zilipojitoa kwenye sharti la cheti na ukomo wa 22, zilijitoa na kwenye hizo taarifa. Hapo ndipo ninapowauliza: kuna ubunifu gani katika kutomwambia mzazi? Naelewa mnaposema hampati walimu. Naelewa darasa kufika watoto 25 kwa sababu familia zimehamia katikati ya mwaka. Lakini bahasha ya kumweleza mama kwamba mwalimu wa mwanawe bado hana cheti iliwazuia kufanya nini?

Niwape mfano mmoja, nao naueleza kwa ruhusa ya wenyewe. Msichana wa darasa la tano, familia yake imetoka Fizi, mashariki mwa Kongo, ikapitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako shule za wakimbizi wa Kongo zilifuata mtaala wa Kongo. Nimeitwa kutafsiri kikao cha mwalimu na wazazi. Mwalimu wa hesabu ni kijana mwenye adabu, anaongea na mtoto kwa upole, hana dharau hata chembe. Ametandaza karatasi za mtoto mezani, zina alama nyekundu za kukosa kuanzia juu mpaka chini. Anasema mtoto haelewi kugawanya, na kwamba amependekeza arudishwe kwenye kundi la wanaosaidiwa.

Baba anaivuta karatasi. Anaitazama kimya. Kisha ananiambia kwa Kiswahili, "Mwambie majibu ni sahihi." Na kweli, yalikuwa sahihi. Mtoto alikuwa amegawanya kama wanavyogawanya Kongo: kigawanyo upande wa kulia, mstari umeshuka wima, jibu limekaa chini ya kigawanyo. Na pale ambapo hapa huandikwa 2.5 yeye ameandika 2,5 kwa mkato, kama alivyofundishwa. Mwalimu hakuwa ameona hesabu za namna hiyo maishani mwake. Aliona tarakimu zimekaa sipo, akazikata. Nilipomfafanulia alishika kichwa, akaomba radhi papo hapo, akamwomba baba amwonyeshe hatua kwa hatua. Ndiyo maana nasema kijana hana kosa. Mwaka uliotangulia alikuwa anauza simu dukani. Hakuna aliyempa mafunzo ya kumwomba mtoto mgeni aeleze alivyofikia jibu kabla ya kumkata alama. Mafunzo ya ualimu hayamgeuzi mtu kuwa mjuzi wa hesabu za Kongo, ila yanamtia tabia ya kuuliza.

Wazazi wale walijua lini kwamba hana cheti? Siku hiyo, Januari, kwa sababu alijieleza mwenyewe. Darasa lilianza Agosti.

Msidhani nachukua kisa cha nyumba moja na kukifanya sheria. Mwaka wa masomo wa 2023–24, takribani theluthi ya walimu wapya walioajiriwa Texas hawakuwa na cheti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech waliofuatilia wanafunzi wa walimu hao walikuta kwamba mtoto aliyefundishwa na mwalimu mpya asiye na cheti anabaki nyuma kwa kiasi cha miezi minne ya masomo katika kusoma na mitatu katika hesabu, isipokuwa mwalimu huyo awe amewahi kufanya kazi shuleni kabla. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia. Bunge lenyewe limeshtuka. Mwaka 2025, kupitia House Bill 2, lilianza kuubana mlango wa kuajiri bila cheti kwa masomo ya msingi, yaani Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo ya jamii, kwa awamu, huku wilaya zikipewa nafasi ya kujipanga. Yaani hata waliotoa ruhusa wameona imetumika kupita kiasi. Mkisubiri awamu hizo ziwafikie ndipo mchukue hatua, mtoto aliyeko darasa la tano leo atakuwa keshatoka.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi kuliko yote. Mpango unawasamehe watu wazima masharti yao, mtoto haumsamehe lake. Wilaya imesamehewa cheti cha mwalimu, imesamehewa ukomo wa darasa, imesamehewa barua ya mzazi. Mtoto yeye mtihani wa jimbo ni uleule, siku ileile, kwa Kiingereza kilekile. Kwa watoto wa darasa la tatu mpaka la tano mtihani upo pia kwa Kihispania, na hongera kwa waliopigania hilo. Kwa Kiswahili haupo, na sitegemei uwepo kesho. Lakini kama mizani haibadiliki, basi angalau tuambiwe nani anamwandaa mtoto kupanda juu yake.

Sasa tuje kwenye neno lenu "kienyeji", uamuzi wa hapa nyumbani. Mnapenda kusema wanaoamua ni watu wa hapa, si ofisi ya Austin. Nami naishi hapa. Nalipa kodi ya majengo kupitia pango ninalompa mwenye nyumba, kama wapangaji wote, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenu. Mpango uliopita uliwekwa kwenye tovuti kwa siku 30, faili la kurasa nyingi, Kiingereza cha wanasheria, limefichwa chini ya kichwa kingine ambacho hata mimi ninayeishi kwa kusoma makaratasi nilikipata kwa kubahatisha. Sheria ilifuatwa, sikatai. Ila mama anayetoka zamu ya usiku kiwandani saa kumi na mbili asubuhi, simu yake ndiyo kompyuta yake, alitakiwa ajue vipi kwamba kuna kitu cha kutafuta?

Hata aliyejua na kufika alikwama. Kwenye vikao vyenu mzazi anapewa dakika tatu. Ile saa ya taa, kijani, njano, nyekundu, haijui ukalimani. Mzazi anasema sentensi, mkalimani anarudia, nusu ya muda imekwenda. Nimesimama kwenye kipaza sauti hicho na mama mmoja, taa ikawa nyekundu kabla hajamaliza kueleza mtoto wake yuko shule gani. Mwenyekiti akamshukuru, akaita jina linalofuata. Waheshimiwa, sheria ya mikutano ya wazi ya Texas, Kifungu cha 551.007 cha Kanuni za Serikali, inasema anayezungumza kupitia mkalimani apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine, kama hakuna vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Dakika tatu zilipaswa kuwa sita. Na kifungu hicho si cha Kanuni za Elimu, ambazo ndizo pekee Sura ya 12A inazogusa, kwa hiyo hamjaruhusiwa kujitoa. Sidhani kama ilikuwa hila. Nadhani hakuna mtu chumbani aliyekijua, nikiwemo mimi wakati ule.

Houston imetupa somo la namna yake, na Kamishna atanisamehe nikilitaja. Mwaka 2023 jimbo liliiweka pembeni bodi iliyochaguliwa na wananchi, likateua mameneja wake na msimamizi mkuu, Mike Miles. Desemba ya mwaka huohuo mameneja hao, ambao hakuna mpiga kura aliyewachagua, wakapitisha mpango wa Wilaya ya Ubunifu. Sheria iliyouzwa kwa jina la mamlaka ya wenyeji ikatumiwa na watu walioteuliwa kutoka Austin. Nyinyi mmechaguliwa. Mna deni kwetu ambalo wale hawakuwa nalo.

Nirudi kwa yule baba. Kule Fizi alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Ana diploma yake ya serikali, ana miaka ya ubao na chaki, na kambini aliendelea kufundisha. Hapa anapakia maboksi ghalani usiku. Mpango wenu ulipopita mara ya kwanza, uhuru wa kuajiri bila cheti ulikwenda kwa mchomelea vyuma na kwa muuza simu. Hakuna aliyemfikiria mwalimu wa miaka mingi ambaye kasoro yake ni kwamba makaratasi yake yameandikwa kwa Kifaransa. Najua mipaka. Mwalimu wa programu ya lugha na wa elimu maalumu lazima awe na cheti, na masomo ya msingi sasa yanabanwa. Lakini Kifaransa kinafundishwa katika shule zetu za sekondari, si somo la msingi kwa maana ya sheria ile, na kuna wazazi wenzangu waliosomea kila kitu kwa Kifaransa tangu utotoni. Msaidizi wa darasa hahitaji cheti cha ualimu. Mkimpa mtu kama huyu kazi ya usaidizi mchana, mkamlipia tathmini ya vyeti vyake na ada ya kozi ya ualimu, baada ya muda mna mwalimu wa hesabu mwenye cheti, ambaye hana haja ya kuelezwa mkato wa 2,5. Utafiti niliotaja ulisema nini? Aliyewahi kufanya kazi shuleni ni habari nyingine. Ikiwa mnatafuta ubunifu, hapo upo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumpoteza mwalimu mpya kila Juni.

Tunachoomba kwenye mpango mpya ndicho hiki. Taarifa za Kifungu cha 21.057 na 25.113 zirudi, hata pale ambapo mnaruhusiwa kutozitoa, na zitoke kwa Kihispania, Kiswahili na lugha nyingine ambazo ofisi yenu ya usajili inajua kabisa zinazungumzwa majumbani. Mnaandikisha lugha ya nyumbani ya kila mtoto siku ya kwanza, fomu mnayo. Kila Oktoba mchapishe, shule kwa shule, idadi ya walimu wasio na cheti na madarasa wanayoshika, bila majina. Hatutaki kumwaibisha kijana wa watu, tunataka kuona kama hawarundikwi kwenye shule zetu za upande wa mashariki huku shule za ng'ambo ya barabara kuu zikipata wenye uzoefu. Darasa lenye watoto waliofika Marekani karibuni lisivuke 22, na hili msijipe ruhusa ya kulivunja. Katika kamati ya ushauri awemo mzazi ambaye Kiingereza si lugha yake, na mkalimani alipwe na wilaya, asiwe binti yake wa miaka 12 anayekosa shule kuja kumtafsiria.

Kuna mnong'ono pia kwamba mnafikiria wiki ya siku nne, kama wilaya kadhaa za mashambani zilivyofanya tangu jimbo lilipoanza kuhesabu dakika za masomo badala ya siku. Sitalijadili hapa, litahitaji barua yake. Nawaomba tu mkumbuke kwamba viwanda na maghala tunakofanya kazi hayafungwi Ijumaa, na mtu wa kulea watoto siku hiyo anataka fedha.

Kikao cha hadhara kisiwe Jumanne saa kumi na mbili jioni peke yake. Ndiyo saa ambayo zamu ya usiku inajiandaa kuondoka. Fanyeni kimoja Jumamosi mchana, kwenye mkahawa wa shule yoyote ya msingi ya upande wetu. Chai tutaleta sisi, na watu mtawapata, hilo nawahakikishia. Mwekeni mkalimani mwenye vifaa, au mzazi apewe dakika zake sita.

Nasubiri jibu la maandishi kabla siku 30 za tangazo hazijaanza kuhesabiwa. Mkilileta kwa Kiswahili, mtakuwa mmenipunguzia kazi. Mkilileta kwa Kiingereza nitalitafsiri bure, neno kwa neno, nilisome kanisani Jumapili na kwenye msikiti wa jirani nimpe imamu nakala.

Wenu,
Mzazi na mkalimani, kaskazini mwa Texas